Je, Wajua? Urea ya Lori Haiingii Kwenye Injini

Ubavuni mwa lori la kisasa, karibu na tangi kubwa la dizeli, kuna tangi dogo lenye mfuniko wa bluu. Ndani yake mna kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu hafifu ya amonia, kinachouzwa kwa jina la AdBlue. Karibu theluthi moja ya kimiminika hicho ni urea, kemikali ile ile ambayo mkulima wa Kasulu au Nzega, magharibi mwa Tanzania, huiweka kwenye shina la mhindi kama mbolea ya kukuzia. Kwa hiyo lori linaloshusha mifuko ya urea ghalani Urambo laweza kuwa linatumia urea likiwa njiani pia.

Inatumika kufanya nini? Jibu linalosikika zaidi vijiweni mwa madereva ni kwamba AdBlue ni dawa ya dizeli. Eti inachanganyika na mafuta, inapunguza moshi mweusi, na kwa kuwa imepunguza moshi, imepunguza nguvu na kulifanya lori lile mafuta zaidi. Hakuna hata kipande kimoja cha jibu hilo kilicho sahihi. Ubaya wake ni kwamba linaharibu mali za watu: kuna anayemimina AdBlue kwenye tangi la dizeli akidhani anaisaidia injini, na kuna anayelipa fundi aung'oe mfumo mzima akidhani ataokoa mafuta.

Tuanze na njia inayopita. AdBlue ina tangi lake, pampu yake, bomba lake na nozeli yake. Nozeli hiyo haipo kwenye silinda. Imefungwa kwenye bomba la moshi, baada ya turbo, na inapuliza rasharasha ndani ya moshi unaotoka. Wakati huo dizeli imekwisha kuungua, pistoni imekwisha kusukumwa, nguvu imekwisha kwenda kwenye magurudumu. Urea haiwezi kuongeza wala kupunguza nguvu ya moto uliokwisha kuwaka.

Na kwa kuwa haikutengenezwa ikutane na dizeli, zikikutana ni hasara. Zaidi ya theluthi mbili za AdBlue ni maji. Hayachanganyiki na dizeli. Yanazama chini ya tangi, mahali hasa pampu inapovutia mafuta. Pampu na nozeli za injini za siku hizi hufanya kazi kwa shinikizo linaloweza kupita bar 1,500, na kilainishi chake ni dizeli yenyewe. Maji yakiingia humo chuma kinasagana na kushika kutu, na urea ikikauka inaacha chembe nyeupe ngumu zinazoziba matundu membamba kuliko unywele. Utingo akikosea tangi, ufunguo usizungushwe kabisa. Tangi likikaushwa na kusafishwa kabla injini haijawashwa, hasara ni ya mafuta tu. Injini ikishawashwa, hasara ni ya mfumo mzima wa mafuta. Makosa ya upande wa pili nayo si madogo: dizeli kidogo ndani ya tangi la AdBlue huvimbisha mipira ya pampu na kuharibu kichocheo, yaani kifaa cha kusafishia moshi, kilicho mbele yake.

Basi kwa nini mbolea ipulizwe ndani ya moshi? Hapa inabidi tutulie kidogo, maana moshi wa dizeli una matatizo mawili, na dawa ya moja ndiyo inayolikuza la pili.

Yeyote aliyewahi kuchochea moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, Urambo au Kaliua, anayajua matatizo hayo kwa macho. Weka kuni mbichi, bana hewa, moto unapoa na moshi mzito unafuka: kuni hazikuungua zikaisha. Weka kuni kavu, achia hewa, moshi unatoweka na moto unawaka safi, lakini sasa joto limepanda na lisipoangaliwa litababua jani lenyewe. Moto baridi unakuachia masizi. Moto mkali unakuachia madhara ya joto. Mchocheaji mzuri hukesha akitafuta mahali pa katikati, na mahali hapo ni pembamba sana.

Ndani ya silinda mambo yanakwenda hivyo hivyo. Moshi mweusi ni dizeli ambayo haikupata hewa ya kutosha ikaungua yote. Ni chembe za kaboni, yaani mafuta uliyoyalipia yanayotoka yakiwa masizi. Ndiyo maana anayelisifu lori kwa kufuka moshi mweusi mlimani anasifu hasara. Mhandisi akitaka kuondoa masizi hayo anaongeza hewa kwa turbo, anapuliza dizeli kwa shinikizo kubwa ili iwe ukungu mwembamba, na anaipuliza mapema ili iwake kwa joto kali. Masizi yanapungua na lita zinapungua. Ila moto huo sasa umefikia nyuzijoto ambazo zinababua hewa yenyewe.

Takriban asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, gesi tulivu ambayo kwa kawaida haijishughulishi na moto. Joto likipanda kupita nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi, utulivu huo unavunjika: naitrojeni inaungana na oksijeni na kuzaa oksidi za naitrojeni. Mwanafizikia wa Kisovieti Yakov Zeldovich ndiye aliyeieleza njia hiyo miaka ya 1940. Jambo la kushangaza ni kwamba uchafu huu hautoki kwenye mafuta. Unatoka kwenye hewa, na kadiri moto ulivyo bora ndivyo unavyozidi kutengenezwa. Gesi hizo huwasha mapafu, na zikipigwa na jua husaidia kutengeneza ozoni karibu na ardhi, ambayo nayo huumiza watu na mazao.

Hapo ndipo urea inapoingia. Rasharasha ikikutana na moshi wenye joto, maji yanageuka mvuke na urea inavunjika kuwa amonia na kaboni dioksaidi. Amonia inabebwa na moshi hadi kwenye boksi la chuma lenye vijitundu vingi kama mzinga wenye masega, vilivyopakwa kichocheo, mara nyingi chenye vanadi, shaba au chuma. Juu ya kichocheo hicho amonia inakutana na oksidi za naitrojeni, na zinapoachana kinachobaki ni naitrojeni safi na mvuke wa maji. Naitrojeni iliyochukuliwa hewani inarudishwa hewani ikiwa kama ilivyokuwa. Viwango vya Ulaya vinaonyesha ukubwa wa kazi hiyo: kwa malori, Euro III iliyoanza 2000 iliruhusu gramu 5 za oksidi hizo kwa kila kilowati-saa ya kazi ya injini, Euro V ikateremsha hadi 2, Euro VI, iliyoanza kutumika 2013, ikafika 0.4.

Sasa turudi kwenye ulaji wa mafuta, maana hapa ndipo imani ya vijiweni inapogeuzwa juu chini. Kabla ya urea, njia ya kupunguza oksidi za naitrojeni ilikuwa kuupoza moto: kuchelewesha kupuliza dizeli, au kurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda. Njia zote mbili hugharimu mafuta. Urea ilipopatikana, wahandisi waliweza kuuacha moto uwake kwa ukali wake na kusafisha uchafu baadaye, kwenye bomba. Hivyo tangi dogo la bluu ndilo linaloiruhusu injini kula dizeli kidogo zaidi.

Tusizidishe, hata hivyo. Akiba yenyewe ni ya asilimia chache, na lori hutumia takriban lita 4 hadi 6 za AdBlue kwa kila lita 100 za dizeli. Kama kidumu cha AdBlue kimesafirishwa kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma na kimepanda bei hadi kukaribia dizeli, akiba yote inaweza kumezwa hapo. Tena si vifaa vyote vya kusafisha moshi vilivyo na sifa hii. Chujio la masizi, linaloambatana na malori mengi ya Euro VI, huibana injini kidogo na mara kwa mara huchomewa dizeli ili kuyaunguza masizi yaliyojaa. Hilo kweli linakula mafuta. Lakini anayezima urea peke yake kwenye injini iliyopangwa kuwaka kwa moto mkali haokoi dizeli. Anaokoa bei ya urea tu, na oksidi zote zinatoka nje.

Swali linalofuata huulizwa sana kwenye mikoa ya wakulima: kama ni urea, kwa nini nisikoroge mfuko wa kilo 50 kwenye pipa la maji? Kwa sababu usafi ni tofauti. Mbolea huwekewa vitu vya kuzuia isigandamane, na ina kiasi cha kemikali iitwayo biureti ambacho mhindi unakivumilia lakini nozeli haikivumilii. Kiwango cha kimataifa cha AdBlue, ISO 22241, kinataka biureti isizidi asilimia 0.3, na maji yawe yameondolewa madini. Maji ya kisima cha Tabora, hata yakiwa meupe pe, yana kalsiamu na madini mengine yatakayotulia kwenye kichocheo na kukiua polepole. Uwiano nao umepimwa: urea asilimia 32.5, kwa kuwa hapo ndipo mchanganyiko unapochelewa zaidi kuganda kwa baridi, kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri.

Baridi ya namna hiyo haitafika Tabora, lakini joto lipo. Kiwango hicho hicho cha ISO kinakadiria kwamba AdBlue iliyohifadhiwa kwenye nyuzi 25 hudumu miezi 18, kwenye nyuzi 30 miezi 12, na kwenye nyuzi 35 miezi 6 tu. Vidumu vilivyopangwa juani mbele ya duka mwezi wa Oktoba vinazeeka haraka kuliko tarehe iliyoandikwa juu yake. Mnunuzi aulize vilihifadhiwa wapi.

Undugu huu wa lori na shamba, wa kutegemea urea ile ile, ulionekana wazi mwaka 2021. China ilipobana uuzaji wa urea nje ya nchi mwezi wa Oktoba, Korea Kusini, iliyokuwa ikiitegemea kwa karibu urea yake yote ya magari, ilikaribia kusimamisha malori yake. Serikali ikatuma ndege ya jeshi hadi Australia kuchukua takriban lita 27,000 za mchanganyiko huo.

Nako barabarani mfumo una tabia zake. Kompyuta haipulizi urea mpaka moshi ufike karibu nyuzi 200, maana kwenye bomba lililopoa urea haivunjiki bali inaganda kuwa mawe meupe. Lori linalopanda na mzigo kutoka Kigoma mjini, Ziwa Tanganyika likiwa takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwenda nyanda za Kasulu, lina moshi wa moto na linatumia urea vizuri. Lori hilo hilo likiwa tupu, au likinguruma saa nzima kwenye foleni ya mizani, linapoa na mfumo unasimama. Ukiona ukoko mweupe karibu na nozeli, chunguza kwanza kama lori limekuwa likiachwa linanguruma muda mrefu.

Tangi likikauka, taa huwaka kwenye dashibodi, kisha nguvu hupunguzwa. Hilo ni agizo lililoandikwa ndani ya kompyuta kwa kufuata sheria za Ulaya, injini yenyewe ikiwa nzima. Kwenye Euro V lori lenye zaidi ya tani 16 hubakiziwa asilimia 60 ya msukumo wake. Kwenye Euro VI, mwisho wa maonyo ni mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Hapa ndipo inapozaliwa imani kwamba AdBlue inaua nguvu, na hapa ndipo fundi anapoleta kiboksi cha kuidanganya kompyuta iamini kwamba urea inapulizwa.

Lori lililofungwa kiboksi hicho haligunduliki kwa macho. Ukaguzi wetu wa barabarani, ule wa stika ya Nenda kwa Usalama, huangalia breki, taa, matairi na moshi unaoonekana, na hata kipimo cha weusi wa moshi hupima masizi tu. Oksidi za naitrojeni zikishachanganyika na hewa hazionekani, na injini yenye moto mkali haifuki. Bomba linaweza kutoa moshi usio na rangi kabisa huku likitoa oksidi hizo mara kadhaa kupita kiwango cha lori. Ili kulikamata unahitaji kipimo cha gesi hizo chenyewe, au risiti. Lori lililotumia lita 1,000 za dizeli lilipaswa kutumia AdBlue lita 40 hadi 60. Tajiri anayeona dizeli inanunuliwa kila safari na AdBlue hainunuliwi kamwe, wala taa haiwaki, aende akatafute kiboksi kwenye nyaya karibu na pampu ya urea.