“Mguu Umecheza, Anapona”: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli Baada ya Kuumia Uti wa Mgongo

Mtu akianguka kutoka juu ya mnazi, au akirushwa na bodaboda, na madaktari wakasema uti wa mgongo umeumia, yaani ile kamba ya neva inayopita ndani ya mifupa ya mgongo na kupeleka taarifa kati ya ubongo na mwili, familia hupokea mizigo miwili: mgonjwa asiyeweza kusimama, na ushauri wa kila anayekuja kumjulia hali. Hospitali atakaa kwa muda, kisha atarudi nyumbani, na huko ndiko afya yake ya miaka mingi itakakotunzwa au kuharibiwa. Nawaandikia ndugu wanaouguza, pamoja na walioumia wenyewe.

“Hawa hawadumu”

Zamani ilikuwa hivyo. Askari wengi walioumia uti wa mgongo katika Vita Kuu ya Kwanza walikufa mapema, wakimalizwa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi, alikabidhiwa wodi ya majeruhi wa aina hiyo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Akaagiza wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Akasimamia vibofu vyao, akawatoa kitandani, akawapa kazi na michezo. Mashindano ya kupiga mishale kwa upinde aliyoyaanzisha pale Julai 1948, yakiwa na washiriki 16, ndiyo yaliyozaa Paralimpiki, michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu. Dawa ya kuunga uti wa mgongo hakuwa nayo, na hata leo haipo, lakini wagonjwa wake waliishi.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwenye jeraha hili ana hatari ya kufa mapema mara 2 hadi 5 kuliko mtu asiye nalo, na hali ni mbaya zaidi katika nchi za kipato cha chini. Uti wa mgongo wa Mtanzania haukuumbwa tofauti na wa Mwingereza. Tofauti iko kwenye matunzo.

“Hasikii maumivu, basi hadhuriki”

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapofia.

Mwenye hisia zake akikaa vibaya hujisogeza bila hata kufikiri. Aliyepoteza hisia hapati taarifa hiyo, na nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu kimyakimya. Kidonda mara nyingi huanzia ndani, jirani na mfupa. Siku mnayokiona juu, chini kimeshakula sana. Sehemu za kuchunga ni kitokono (mwisho wa mgongo, juu ya makalio), makalio, nyonga na visigino. Akiwa kitandani ageuzwe kila saa mbili. Akiwa kwenye kiti, kila nusu saa au kabla yake, ainame mbele au aegemee upande kwa dakika mbili nzima, kwa sababu kujiinua kwa sekunde chache hakuirudishi damu ipasavyo.

Maelekezo mengi yanasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, na familia inajikuta imepitwa. Tafuta palipokolea weusi au kugeuka zambarau, kisha paguse: pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au palaini isivyo kawaida? Doa ambalo halijapotea nusu saa baada ya kuondoa uzito ni onyo, na asipalalie wala kupakalia tena mpaka lipotee. Wala msipasugue. Anayeishi peke yake anaweza kujikagua kwa kioo au kamera ya simu, asubuhi na jioni.

Kuna mazoea mawili ninayotamani tuyaache kabisa. La kwanza ni kumkanda kwa maji ya moto “ili damu itembee.” Ngozi isiyohisi haiwezi kusema maji yamezidi, na wapo wanaobabuka miguu mikononi mwa mama zao wenyewe. Sufuria ya moto mapajani na bomba la moshi la pikipiki huunguza vivyo hivyo. La pili ni kumkalisha juu ya tyubu au mto wenye tundu katikati. Ukingo wake hubana mishipa ya damu kuzunguka pale pale mnapotaka kupaokoa. Atafutiwe mto maalumu wa kiti cha magurudumu, na hata huo hauondoi haja ya kujisogeza.

Mwigizaji Christopher Reeve, aliyepooza mwaka 1995 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi, alikuwa na fedha na wauguzi. Alipofariki Oktoba 2004 alikuwa akitibiwa kidonda cha aina hii kilichoingiwa na maambukizi.

Na hilo la kutosikia maumivu lenyewe si kweli kwa wengi. Wanahisi kuungua, kuchomwa sindano, kupigwa shoti, hata kwenye miguu isiyojua kuguswa. Maumivu hayo yanatoka kwenye neva zilizoumia. Panadol huwa haiyawezi, ila zipo dawa za neva kama amitriptilini na gabapentini ambazo daktari anaweza kujaribu. Msimwambie anajifanya.

“Apunguze maji ili asijikojolee”

Akipunguza maji, mkojo unakuwa mzito, mawe yanajijenga, vijidudu vinastawi na choo kinakuwa kigumu. Tatizo lake ni kibofu kisichojiendesha, na kuna njia ya kukiendesha. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Marekani alionyesha kwamba mtu anaweza kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba (katheta), anauingiza na kuutoa mara 4 hadi 6 kwa siku, kwa mikono iliyooshwa tu, bila vifaa vya chumba cha upasuaji. Lengo ni kibofu kisizidi mililita 500. Kwa anayeweza kutumia mikono yake, au mwenye msaidizi, kwa kawaida njia hii ina maambukizi machache kuliko mpira unaokaa ndani muda wote. Kabla kibofu hakijaeleweka, figo zilizoharibika ziliua watu wengi wa kundi hili.

Jambo jingine ni mkojo wenye ukungu. Anayetumia mpira karibu kila mara atakutwa na bakteria akipimwa, na hilo peke yake si ugonjwa. Akipewa antibayotiki kila mwezi kwa sababu ya karatasi ya maabara, siku akiugua kweli dawa hazitafanya kazi. Atibiwe akiwa na dalili: homa, kutetemeka, kuchoka kusiko kwa kawaida, mkojo wenye damu, kuvuja kulikoanza ghafla, au mishtuko ya misuli iliyoongezeka.

“Mguu umecheza, anapona”

Hakuna neno linaloumiza baadaye kama hili. Katika wiki za kwanza miguu hulegea kabisa. Kisha inaanza kuruka, kukunjana, kutetemeka, na nyumba nzima inapiga vigelegele. Sehemu ya uti iliyo chini ya jeraha bado iko hai, nayo inajibu kila inapochokozwa, ila ubongo hauitawali tena. Dalili ya kupona ni mtu kusogeza kidole anapoambiwa akisogeze, na kukirudia. Zipo pia hisia, zikiwemo za sehemu ya haja kubwa, ambazo madaktari huzipima ili kujua kama jeraha limekata mawasiliano yote au sehemu tu. Walioumia kwa sehemu wapo wanaorudi kutembea. Mabadiliko makubwa huonekana zaidi katika miezi ya mwanzo.

Operesheni ya mgongo inatuliza mifupa na kuondoa kinachobana. Haiungi uti. Na anayewauzia sindano za seli shina kwa ahadi ya kutembea anauza kitu ambacho hakijathibitishwa. Msiuze kiwanja.

“Ni presha tu, mlazeni apumzike”

Kwa aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua (mfupa wa sita wa mgongo kuhesabu kutoka chini ya shingo) kwenda juu, ushauri huu unaweza kuua. Presha yake ya kawaida huwa chini, ile ya juu ikiwa 90 hadi 110, kwa hiyo 140 kwake inaweza kuwa dharura. Kibofu kikijaa, choo kikikwama, hata ukucha ukiota ndani ya nyama, mwili unajibu kwa kupandisha presha ghafla. Kichwa kinagonga, uso unatoka jasho. Mkalisheni wima, miguu ining’inie, legezeni mkanda na nguo, angalieni kama mpira wa mkojo umejikunja. Chanzo kisipopatikana au presha isiposhuka, hospitali mara moja, na mueleze waziwazi jeraha lake liko pingili ipi, kwa sababu si kila zamu ina mtu anayeijua hali hii.

“Ndoa imekwisha”

Mwanamke hedhi yake inaweza kusimama miezi kadhaa, kisha ikarudi, na uwezo wa kushika mimba ukawa ule ule. Huenda asihisi uchungu ukianza, basi wakunga wajue mapema. Mwanamume anaweza kupata msaada wa dawa, na mbegu zinaweza kupatikana kwa njia za kitabibu hata asipoweza kuzitoa kwa kawaida. Wenzi wamuulize daktari bila haya.

“Bora angekufa”

Husemwa kwa sauti ya chini, hata na watu wa afya. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwauliza wahudumu wa dharura kama wangefurahi kuwa hai baada ya jeraha kali la uti wa mgongo. Asilimia 18 walisema ndiyo. Miongoni mwa watu waliokuwa wakiishi na jeraha hilo, asilimia 92 walisema wanafurahi kuwa hai. Huzuni ipo na inahitaji kutibiwa, lakini nikiangalia wanaoishi nalo hapa kwetu, kinachowakatisha tamaa mara nyingi ni kufungiwa chumbani mwaka baada ya mwaka.

Kabla hajatoka hospitali, pimeni mlango wa nyumba na wa choo. Kiti cha magurudumu kinahitaji upana wa sentimita 80 hivi. Kila sentimita 1 ya kimo cha ngazi inataka sentimita 12 za njia ya mteremko, kwa hiyo kizingiti cha sentimita 20 kitahitaji mita 2.4. Fundi wa mtaani aanze nayo wiki hii, simenti iwe imekauka siku atakayofika.