Skrubu ya diski ikikatika, diski haiendi popote

Hili tulimalize leo. Honda ikibadilishwa diski za breki za mbele, skrubu moja ya kuishikilia diski hukatika au kichwa chake huliwa, na mwenye gari anaambiwa asiendeshe mpaka anunue habu nyingine, yaani kitovu ambacho tairi na diski hufungwa juu yake. Si kweli, na habu si bei ya mchezo.

Kinachobana diski ni nati za tairi. Rimu huikandamiza diski kwenye habu, na msuguano wa nyuso hizo ndio unaobeba kazi ya breki. Nati ya milimita 12 ikikazwa kwa Nm 103 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), kama Toyota nyingi ndogo, hubana kwa takribani tani 4. Nati moja hiyo. Skrubu ya Honda ni ya milimita 6 na hukazwa kwa Nm 10 hivi; inaishika diski isicheze tairi likiwa halipo, basi. Toyota nyingi hazina skrubu hiyo kabisa. Yale matundu mawili yenye nyuzi, ambayo watu hudhani skrubu zake zimeibwa, ni ya kuingizia bolti za M8, yaani za milimita 8, ili kuisukuma diski iliyogandishwa na kutu.

Kuifungua: bisibisi ya kugongwa kwa nyundo, biti namba 3, mapigo mazito. Kichwa kikiliwa, kitoboe kwa drili ya milimita 8 hadi kiachane. Diski ikitoka, shika kisiki cha skrubu kwa koleo la kujifunga. Kikigoma, kisage kiwe sawa na uso wa habu.

Kinachoniudhi ni kwamba fundi huyohuyo aliyekutisha kwa skrubu anapachika diski mpya juu ya magamba ya kutu. Toyota nyingi haziruhusu diski kuyumba zaidi ya milimita 0.05. Gamba la milimita 0.1, unene wa karatasi, limeshapita hapo, na kosa hukua kuelekea ukingoni kwa sababu diski ni pana kuliko habu. Mwanzoni husikii kitu. Pedi zinagusa palepale kila mzunguko, diski inakuwa nene hapa na nyembamba pale, na baada ya kilomita elfu kadhaa usukani unatetemeka ukikanyaga breki. Unaambiwa diski imepinda. Inachongwa, inarudishwa juu ya kutu ileile, mtetemo unarudi. Piga brashi ya waya na msasa hadi chuma kionekane, hasa kuzunguka mashina ya stadi, zile nondo za habu zinazoingia nati, pale ambapo brashi haifiki vizuri. Kuhusu grisi ya shaba usoni mwa habu, mafundi bado tunabishana. Mimi naacha pakavu, ingawa wanaopaka kidogo sana sijaona wakipata shida.

Skrubu hiyo si ya kutupa, lakini. Kwenye VW, BMW na Peugeot, ambazo tairi hufungwa kwa bolti, diski isiyo na skrubu huinama ukitoa tairi, kutu inadondoka nyuma yake na matundu yanapishana. Huko rudisha mpya, yenye kichwa kinachozama. Bolti ya kichwa cha kawaida itainua rimu, bolti za tairi zitalegea, na hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Usichanganye na Land Cruiser 70: diski ya mbele imefungwa kwa bolti nyuma ya habu. Hizo zinabeba breki. Ikikosekana hata moja, gari lisitoke gereji.