Asilimia 30 ifikapo 2030: yanayosemwa na yaliyoandikwa

Dhana: watu watahamishwa ili theluthi ya dunia iachiwe wanyama.

Uvumi huu umeenea tangu nchi zilipokubaliana Montreal, Desemba 2022, kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu, maji ya bara na bahari ifikapo 2030. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Wapo waliokwisha kutolewa kwenye ardhi yao kwa jina la uhifadhi, na sioni sababu ya kuwacheka. Ila lengo lenyewe, la 3 kati ya malengo 23 ya makubaliano hayo, linataka haki za watu wa asili na jamii za wenyeji ziheshimiwe, na linahesabu pia maeneo yasiyo hifadhi rasmi, mradi viumbe wanalindwa humo kweli.

Huko Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe waliona samaki wanaadimika, wakatenga kipande cha bahari cha hekta 30 hivi na kukatazana kuvua humo. Ilikuwa 2005. Samaki wakipata pa kuzaliana na kunenepa, baadhi huvuka mpaka na kuingia kwenye nyavu na madema ya walewale waliowatunza. Hakuna aliyehama. Hata Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, ina vijiji ndani yake.

Dhana: kila nchi inadaiwa asilimia 30 yake. Hapana, hiyo ni hesabu ya dunia nzima. Tanzania imeshaipita kwenye nchi kavu. Baharini bado iko mbali.

Dhana: mpaka ukishachorwa, kazi imekwisha.

Hii ndiyo inayonikera, maana hata wakubwa huiamini. Malengo 20 ya Aichi, yaliyotangulia haya ya Montreal na kupitishwa Japani 2010, yalifika 2020 bila hata moja kutimia kikamilifu duniani. Lile la kulinda asilimia 17 ya nchi kavu lilikaribia sana, na bado viumbe waliendelea kupungua. Eneo likiwa kwenye ramani tu, bila askari wala mafuta ya boti ya doria, mvuvi wa baruti hana habari nalo.

Dhana: nchi itakayoshindwa itaadhibiwa. Makubaliano ya Montreal hayana faini. Yanachodai ni ripoti za taifa, 2026 na tena 2029, na ripoti hizo ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma na kuuliza boti ziko wapi.