Je, wajua kwa nini ngoma huoteshwa moto kabla ya kuchezwa?

Ukifika uwanjani Newala, kusini mwa Tanzania, kabla uchezaji wa sindimba, ngoma ya Wamakonde, haujaanza, utakuta ngoma zimelazwa pembeni ya moto wa nyasi kavu, nyuso zake zikielekea kwenye joto. Mpigaji huinua moja, huigonga kwa vidole mara mbili tatu, husikiliza, kisha huirudisha. Anatafuta sauti.

Ngozi ya mnyama imejaa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na nyuzi hizo hunywa unyevu. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ambako ukungu na umande si vitu vya ajabu. Mikindani na Lindi mjini nazo ziko pwani kabisa, kwenye hewa yenye unyevu. Ngozi ikinywa unyevu huvimba na kulegea. Joto linapoufukuza, nyuzi hujikunyata, lakini ukingo umeshikwa na vigingi vya mti, kwa hiyo ngozi haina pa kwenda. Hukaza.

Ikikaza, sauti hupanda. Sauti kuwa juu au chini ni suala la mitetemo mingapi inatokea kwa sekunde moja. Noti ambayo wanamuziki wengi duniani huitumia kulinganisha vyombo vyao ina mitetemo 440. Oktavu moja juu yake, yaani noti ile ile yenye mitetemo maradufu, ni 880. Ili ngoma ipande oktavu nzima, mkazo wa ngozi hauongezwi mara mbili, bali mara nne! Moto haufiki huko, na ukizidishwa ngozi hupasuka. Kinachotafutwa ni kuirudisha ngoma kwenye sauti yake. Gitaa lina vifunguo vya kukazia nyuzi, ila vigingi vya ngoma vimeshagongomelewa: ufunguo wake ni moto.

Hapa maneno ya muziki huchanganywa sana. Ukipiga kwa nguvu zaidi, unaongeza ukubwa wa sauti. Ngoma yenye sauti nzito hubaki na sauti nzito. Mdundo nao ni mpangilio wa mapigo na nafasi zilizo kati yake, na ngoma iliyolegea inaweza kuushika vizuri tu. Sasa moto wa nini? Kwa sababu ngoma kubwa na ndogo hupigwa pamoja, kila moja na mapigo yake, na sikio huzitenganisha kwa sauti zao kuwa juu au chini. Zikilegea zote, mapigo yanamezana, na mchezaji hajui kiuno kifuate ipi. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko mpigaji kukosea pigo moja.

Kuna jambo la nne, rangi ya sauti. Gonga katikati ya ngozi: utasikia “du” nzito, maana uso mzima unapanda na kushuka pamoja. Gonga karibu na ukingo: “ta” kali, kwa kuwa ngozi imegawanyika vipande, kimoja kikipanda kingine kinashuka. Ngozi ile ile, mkono ule ule. Lakini ikiwa imelegea, “ta” hufifia na mpigaji hubaki na “du” peke yake, ndiyo maana ule ugongaji wa vidole pale motoni huanzia ukingoni.

Ngoma nyingi za bendi siku hizi zina uso wa plastiki, usionywa umande, na hukazwa kwa skrubu. Hizo hazihitaji kuota moto.