Uvimbe wa tezi ya pituitari na mishipa yake ya damu: maswali kutoka Kigoma

Maswali haya yametoka kwa watu wa Ujiji, Mwanga na Kasulu. Nyuma ya karibu yote kuna hofu moja: kwamba uvimbe ndani ya kichwa ni saratani inayonyonya damu mpaka mtu aishe. Hofu hiyo inawakalisha watu nyumbani na ugonjwa ambao mara nyingi una dawa.

Shikamoo daktari. Hiyo tezi iko wapi, na inafanya kazi gani?

Marahaba. Iko chini ya ubongo, nyuma ya pua, ndani ya kishimo cha mfupa. Ukubwa wake ni kama punje ya njegere na uzito wake takriban nusu gramu, lakini ndiyo inayoamrisha tezi ya shingo, tezi zilizo juu ya figo, ovari na korodani. Homoni ya ukuaji hutoka humo, na pia prolaktini, ile inayofanya matiti yatoe maziwa. Neva za macho zinapita juu yake kidogo tu.

Sehemu ya mbele ya tezi hupata damu yake nyingi kupitia vimishipa vinavyoshuka kutoka ubongoni. Damu hiyo huja na dopamini, ambayo huizuia prolaktini isizidi. Mkumbuke hilo, tutalihitaji tukifika kwenye dawa.

Nilisikia uvimbe hauwezi kukua bila kuota mishipa yake ya damu. Ni kweli?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mwaka 1971 Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa Boston, Marekani, alitoa hoja kwamba uvimbe ukifika milimita chache hukwama mpaka uvute mishipa mipya. Seli zinazokosa oksijeni hutoa protini, inayojulikana zaidi ikiwa VEGF, na protini hiyo huuamsha mshipa wa jirani uchipue tawi.

Lakini pituitari ina habari yake. Watafiti walipohesabu mishipa kwa hadubini, walikuta uvimbe mwingi wa tezi hii una mishipa michache kuliko tezi yenyewe ikiwa na afya. Tezi yenye afya imejaa mishipa kwa sababu kazi yake ni kumwaga homoni kwenye damu. Uvimbe ulioota ndani yake haufikii wingi huo. Hii inadhaniwa kuwa sababu mojawapo ya uvimbe huu kukua polepole, na ya kusambaa kwake sehemu nyingine za mwili kuwa nadra mno, chini ya mgonjwa 1 kati ya 100. Tena takriban mtu 1 kati ya 10 anao uvimbe mdogo wa tezi hii, na wengi wao hawatajua maisha yao yote.

Haimaanishi mishipa haina neno. Uvimbe mkubwa wa prolaktini huwa na mishipa mingi kuliko mdogo, na uvimbe ule wa nadra unaosambaa huwa nayo zaidi. Mwaka 1997 Lin Pei na Shlomo Melmed, huko Los Angeles, walitangaza jeni waliyoipata katika uvimbe wa pituitari wa panya, iitwayo PTTG. Baadaye ilionekana kwamba inachochea pia kuota kwa mishipa.

Mke wangu hedhi imekata na maziwa yanatoka, na hana mtoto anayenyonya. Wazee wanasema ni chango, wengine wanasema karogwa.

Baba, mlete hospitali. Kwanza tutapima mimba. Kisha tutauliza dawa anazotumia, kwa kuwa metoklopramaidi ya kuzuia kutapika na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili hupandisha prolaktini. Tutapima tezi ya shingo, halafu prolaktini yenyewe. Ikiwa juu sana bila sababu nyingine, ndipo tunatafuta uvimbe kwa MRI, kipimo cha kupiga picha ndani ya kichwa.

Nawaambia wanaume pia: nguvu za kiume zikipungua, hamu ikaisha, na kichwa kinauma kila mara, msiishie kwa muuza mizizi sokoni. Prolaktini nyingi hufanya hivyo kwa mwanamume, na kwa kuwa hana hedhi ya kumwonya, mara nyingi anakuja uvimbe ukiwa umeshapita milimita 10 na kubana neva za macho. Huyo haoni pembeni. Anajigonga kwenye vizingiti, na bodaboda inamtokea ubavuni ghafla.

Je, atapasuliwa kichwa?

Uvimbe wa prolaktini kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge. Kabergolini na bromokriptini hufanya kazi ya ile dopamini: prolaktini inashuka na uvimbe wenyewe unasinyaa. Aina nyingine nyingi huhitaji upasuaji, na daktari hupitia puani, hafungui fuvu. Kutoka huku kwetu, hospitali ya mkoa ya Maweni hutoa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam. Safari ni ndefu, najua. Ombeni barua ya rufaa na nakala za vipimo vyote, msirudie gharama mara mbili.

Dawa za kuzuia mishipa isiote zipo?

Zipo. Bevasizumabu, inayozuia VEGF, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Kwa pituitari hujaribiwa kwa wagonjwa wachache sana, ambao uvimbe wao ni mkali na matibabu mengine yameshindwa. Mtu akikuuzia chupa ya kukausha mishipa ya uvimbe kichwani, usinunue.

Hatari kubwa ni ipi basi?

Damu kuvuja ndani ya uvimbe, au uvimbe kukosa damu ghafla na kufa. Kichwa huuma kwa ghafla na kwa ukali usio wa kawaida, mtu anatapika, macho yanafifia au anaona vitu viwili, kope inaanguka. Anaweza kupoteza fahamu. Hapa Kigoma kichwa na kutapika tunakimbilia kusema malaria. Pimeni malaria, ndiyo, lakini macho yakiwa yamebadilika ghafla mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kipimo kikiwa chanya. Anaweza kuhitaji haidrokotizoni ya sindano haraka, maana tezi iliyoharibika haiziamrishi tena tezi za juu ya figo, na shinikizo la damu linaanguka.

Kuna na jambo ambalo si uvimbe, ila ni la mishipa hiyo hiyo, nami linaniuma zaidi. Wakati wa ujauzito tezi hii hukua, na inahitaji damu zaidi. Mama akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, tezi inaweza kufa. Harold Sheehan, Mwingereza, alilieleza mwaka 1937. Maziwa hayatoki, hedhi hairudi, anachoka, anahisi baridi kuliko wenzake, na nyumbani wanamwita mvivu. Mama wa namna hii apimwe homoni, hata kama uzazi ule umepita miaka mingi. Dawa za kurudisha homoni zipo na anazitumia maisha yote.

Nimeanza vidonge, hedhi imerudi. Niache?

Hapana, dada. Ukiacha mapema prolaktini hupanda tena na uvimbe unaweza kukua. Kwa kawaida tunasubiri angalau miaka 2 ya prolaktini kuwa sawa, na MRI inayoonyesha uvimbe umesinyaa, ndipo tujaribu kupunguza dozi. Jua pia kwamba unaweza kushika mimba hata kabla ya hedhi ya kwanza kurudi. Ukihisi una mimba, njoo upime wiki hiyo hiyo, daktari aamue kama dawa isimame, na tuangalie macho yako mpaka ujifungue.