Mstari kwenye kucha

Kabla hata hajakaa vizuri, alininyooshea mikono yote miwili. "Daktari, hii ni fangasi?" Ilikuwa miezi mitatu tangu aruhusiwe kutoka chumba cha wagonjwa mahututi. Karibu kila kucha ilikuwa na mfereji mwembamba uliokatiza upande hadi upande, kana kwamba mtu kapitisha wembe butu. Nikachukua rula: kutoka kwenye ngozi hadi kwenye mfereji, milimita 10. Kucha ya mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo hesabu ilinirudisha karibu kabisa na siku alizokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Mwili uliokuwa ukipigania uhai ulisimamisha kazi zisizo za lazima, na kuotesha kucha ni mojawapo.

Aliugua sepsisi. Wengi huiita "sumu kwenye damu", jina nisilolipenda, maana linamfanya mtu adhani akishakufa kijidudu, shida imekwisha. Kijidudu huanzisha tu. Kinachoua ni kinga ya mwili kupotoka na kuanza kuumiza viungo vyake yenyewe: mishipa ya damu hulegea na kuvuja, presha huporomoka, figo hukosa damu, mkojo hupungua, mgonjwa huanza kuongea visivyoeleweka. Kwa makadirio, mwaka 2017 pekee watu milioni 48.9 duniani waliipata na milioni 11 walifariki.

Ila leo nataka kusema kuhusu waliopona, au tunaodai wamepona.

Mtu akirudi nyumbani, watu humshangilia wiki moja, kisha huanza kumshangaa. Mbona bado analala mchana? Mbona ngazi tano zinamtoa jasho? "Anadeka," dada yake aliniambia pembeni. Nikamwomba dada abaki aone. Nilimwambia mgonjwa asimame kutoka kwenye kiti na kukaa tena, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, kwa nusu dakika. Alisimama mara nne. Mara ya tano alipiga meza kwa kiganja asianguke. Dada akanyamaza. Vipimo vya ultrasaundi vilivyochapishwa mwaka 2013 vilionyesha kuwa kwa wagonjwa mahututi msuli wa mbele wa paja hupungua karibu asilimia 18 ndani ya siku 10 tu. Nyama iliyoyeyuka kwa siku 10 hujengwa kwa miezi: protini ya kutosha, na mazoezi ya kidogokidogo kila siku. Wanaojikaza siku moja na kulala tatu ndio wanaochelewa zaidi.

Nywele nazo hunyonyoka miezi miwili au mitatu baadaye. Huota tena, msinunue mafuta ya bei mbaya.

Jambo zito zaidi husemwa kwa kunong'ona. Akiwa mahututi, mgonjwa wangu aliamini wauguzi walitaka kumzamisha majini. Nikamweleza kwamba tulikuwa tukivuta makohozi kooni mwake kwa mpira, na akili iliyojaa dawa na homa ikajitungia hadithi yake. Maruweruwe ya namna hii ni ya kawaida mno, wala si wazimu. Katika nchi za Skandinavia wauguzi walianzisha desturi ya kumwandikia mgonjwa shajara ya siku asizozikumbuka. Ndugu wanaweza kufanya hivyo hata kwenye daftari la shule.

Jambo moja sibembelezi: miezi ya mwanzo maambukizi hurudi kirahisi. Homa, kutetemeka kwa baridi, kupumua harakaharaka au kuchanganyikiwa si vya kusubiri asubuhi. Nenda hospitali, na useme wazi kwamba uliwahi kupata sepsisi.

Aliniuliza mfereji utaisha lini. Kucha huchukua kama miezi sita kukua nzima, kwa hiyo umebaki nusu ya safari. Je, anaweza kupaka rangi kuuficha? Nikamwambia apake, ila kidole kimoja akiache bila rangi, cha kupimia oksijeni.