Machozi ya Mtafiti Hayaharibu Data

"Mtafiti makini hana hisia akiwa uwandani." Dhana hii imewaumiza wengi. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, mmoja wa waasisi wa utafiti wa uwandani, yaani wa kwenda kukaa na watu unaowachunguza, aliishi na wenyeji wa visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea ya leo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Katika vitabu vyake anaonekana mtulivu. Shajara yake ya siri ilipochapishwa mwaka 1967, miaka 25 baada ya kifo chake, wasomaji walikuta upweke, hasira, hata dharau kwa watu aliokuwa akiwachunguza. Na mimi naiogopa dharau iliyofichwa kuliko machozi, maana ndiyo huamua nani asikilizwe na nani akatizwe.

Wengine hudhani mzigo wa hisia unatuliwa kinasa sauti kinapozimwa. Kwa wengi ndipo unapoanza. Kunukuu mahojiano ya saa moja, yaani kuyasikiliza upya na kuyaandika neno kwa neno, huchukua saa nne au zaidi. Mama anaeleza alivyofiwa na mtoto. Mlipokaa pamoja ulimsikia mara moja tu. Sasa unamrudisha nyuma mara tano, kwa sababu maneno yalimezwa pale alipolia, na safari hii huwezi kumpa maji wala kumshika mkono. Mfikirie basi mnukuzi wa kulipwa: hajawahi kumwona msemaji, hakuandaliwa kwa lolote, na ni nadra mtu kumuuliza kama analala usiku. Fomu za maadili ya utafiti humlinda mshiriki anayehojiwa, na ni haki yake kabisa. Mnukuzi mara nyingi hatajwi popote. Jambo hili linanisikitisha sana.

"Mshiriki akilia, funga mahojiano." Si lazima. Muulize: tupumzike, tuendelee, au tuishie hapa? Wapo wanaotaka kuendelea, kwani huenda ni mara ya kwanza mtu kuwasikiliza hadi mwisho. Nawe ukilengwalengwa na machozi, hujakosa. Utakosa pale atakapolazimika kuacha habari yake ili akubembeleze.

Ipo pia imani kwamba kuandika hisia zako daftarini ni kujidekeza. Andika, tena siku hiyohiyo: ulimkwepa nani, swali gani uliliruka. Ukigundua umeliruka swali lilelile kwa washiriki watatu, pengo hilo kwenye data limetokana na woga wako, na hakuna nakala ya mahojiano ambayo ingekuonyesha woga huo. Kama walikuruhusu kurudi, rudi ukaulize.